Midomo ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Pss-pss-pss. Mnong'ono wa shangazi katika chumba cha majaribio. Nimerudi nao nyumbani.

Miraba ya rangi huonekana kwenye skrini kufumba na kufumbua, hutoweka, kisha hurudi. Mtu aseme upi umebadilika rangi. Nataka kujua jicho linaikabidhi nini kumbukumbu ya muda mfupi. Watu kumi na tisa wamegota kwenye miraba mitatu, minne. Shangazi, fundi cherehani, kafika sita! Nikajisifu: ubongo wa ajabu, tena wa ukoo wetu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemfuata kwenye cherehani. Ulikuwa unanong'ona nini jana? Akacheka, pini mdomoni.

"Nilikuwa nazitaja rangi, mwanangu! Hata gauni likinipita njiani nalitaja: kola ya maziwa, mkanda wa damu. Nisipolitaja, limekwenda."

Basi hakushika alichokiona. Alishika alichokisema.

Na kanuni naijua! Mtu anapotazama, arudierudie "ba ba ba", ulimi ukose nafasi ya kutaja rangi. Mimi ndiye niliyeiondoa. Fundi wa maabara, chumba cha pili, aliposikia hizo ba ba ba aliuliza kama nimefungua chekechea. Nikaona haya, nikawaambia watu wote wakae kimya. Sasa nani alikumbuka kwa macho, nani kwa maneno ya moyoni? Siwezi kujua.

Jumatano, 6 Machi
Natetea tasnifu baada ya siku kumi na tatu. Nikimwondoa shangazi peke yake, matokeo yataonekana safi, na hakuna atakayejua. Safi! Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 7 Machi
Shangazi, niliyemsimulia yote, kafunga duka, kaja mwenyewe.

"Mshono ukienda kombo unafumuliwa, mama. Haya, nipe hiyo ba ba ba."

Kapata mitatu! Kanuna: mashine yako mbovu. Tumecheka hadi machozi. Namshukuru Mungu kwa midomo yake isiyotulia. Angenyamaza kama wengine, ningesimama kutetea uongo kwa kujiamini kabisa.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne nimemwandikia msimamizi wangu yote, bila kujitetea. Nimeomba niahirishe utetezi. Mlango wake bado umefungwa, taa inawaka.

Sikungoja. Nimewapigia simu wote kumi na tisa. Kumi na mmoja watarudi kuanzia Jumatatu. Na fundi wa maabara nimeshampelekea pamba za masikio.