Salma binti Chuenlai

Jumapili. Jua limetoka hapa Edmonton, London, leo, baada ya mvua kutunyeshea jana kutwa, siku ambayo wanawake wote walivaa viatu vya dhahabu. Jikoni kumejaa masinia ya watu. Miguu inaniuma, sauti imekauka, na mie nacheka peke yangu.

Jana nimemuoza binti yangu.

Na nimemuoza kwa jina langu mwenyewe. Asiyenijua atauliza, kwani watu huwaoza binti zao kwa majina ya nani? Haya, subirini.

Mie naitwa Chuenlai. Chuenlai Haji, Muunguja, dereva wa basi, na Uchina sijapata kufika. Nilizaliwa Unguja, mapinduzi yakiwa bado machanga. Mama uchungu ulimkaba hadi watu wakaanza kumsomea, na aliyetuokoa mie na yeye alikuwa daktari wa Kichina. Baba alitaka kunipa jina la daktari yule, lakini kila akiuliza jina lilimteleza ulimini, na daktari mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa "pole" na "sukuma" tu. Basi baba akachukua jina kubwa kabisa la Kichina alilolijua, la waziri mkuu wao, akalinakili kutoka gazeti la Kiingereza: Chou En-lai. Karani wa vizazi hakutaka makuu. Akatupa kistari, akaunganisha yote, akaandika alivyosikia.

Nimekaa na jina hili London miaka yote. Kliniki nesi akiniita, humtazama kwanza mzee wa Kichina aliyekaa pembeni. Kazini wananiita Chu. Wazanzibari wenzangu wa Walthamstow wananiita Mchina, nami naitika. Sijapata kulionea haya.

Basi mchumba wa Salma, Nassor, akaja nyumbani na mfano wa kadi ya harusi. Nassor anasomesha historia skuli ya sekondari. Kijana ana adabu zake, lakini akiona kosa la maandishi hawezi kulipita. Nikavaa miwani, nikasoma: Salma binti Zhou Enlai.

Nilidhani kaleta kadi ya watu wengine.

Akanieleza taratibu, ami hivi, ami vile. Kwamba ile namna ya zamani ya kuliandika waliitunga Waingereza, na Wachina wenyewe siku hizi wanaandika kwa Z. Kwamba Mao Tse-tung sasa ni Mao Zedong, Peking ni Beijing, na vitabu vya skuli yake vyote vimeshabadilishwa. Nikamwambia mie nimecheza mpira Unguja kwenye uwanja wa Mao Tse Tung, kovu la goti nimelipata pale pale, na huyo Zedong simjui.

Salma akamjibu mchumba wake kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba lile si kosa la maandishi, lile ni baba yake.

Wallahi nilijifanya naenda kuzima jiko.

Niliporudi, Nassor alikuwa ameinamisha kichwa, na hapo ndipo ukweli ukatoka. Shida haikuwa vitabu vya skuli. Shida ilikuwa bibi yake, Bi Zuhura wa Edgware Road, aliyemlea tangu mdogo. Bi Zuhura aliondoka Unguja baada ya mapinduzi, na watoto wake na begi moja, nyumba yao ya Malindi ikabaki nyuma, wakapewa watu wengine. Majina ya viongozi wale wa Kichina, marafiki wa serikali mpya, yaliyokuwa yakitajwa redioni kila siku wakati ule, hataki kuyasikia. Mie mwenyewe tangu tujuane hajaniita jina hata mara moja. Mie kwake ni "baba Salma". Kumbe alikwishamwambia Nassor kadi iandikwe Salma binti Haji, jina la babu yake, na kwamba likisomwa lile jingine yeye ukumbini hatakaa. Maskini Nassor akawaza kuwa likiandikwa kwa Z, bibi hatalitambua.

Nilikasirika? Nilikasirika sana. Lakini Bi Zuhura simlaumu. Nyumba yake hajairudia, na jina langu linamkumbusha nani analala ndani.

Siku zile nilikuwa nikiendesha basi huku nabishana na nafsi yangu. Haji ni baba yangu, si mwizi, kuna ubaya gani akitajwa yeye? Kisha nafika kituoni, nafungua milango, najijibu: ubaya ni kwamba nitakuwa nimesema baba alikosea. Mtu aliyekuwa akishukuru kwa kupata mkewe na mwanawe wakiwa hai, mie nije London nimuombee radhi?

Salma alikata maneno. Bila jina la baba yake hakuna harusi. Kadi zikachapwa kwa C, neno moja, bila kistari. Bi Zuhura akapelekewa yake, akaipokea. Hatukujua kama atakuja.

Alikuja. Alishikwa mkono na wajukuu, ananukia udi, akapita mbele yangu na salamu yake ile ile, "Hujambo, baba Salma", akaenda kukaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, chini kabisa ya kipaza sauti.

Mie nilimpa shekhe uwakili aozeshe kwa niaba yangu. Shekhe akaniinamia, akaniuliza jina langu linatamkwaje. Nikamwambia pole pole. Akamshika Nassor mkono, akasema kwa sauti ya kujaza ukumbi kwamba anamuozesha Salma binti Chuenlai. Nassor akajibu amekubali kumuoa Salma binti Chuenlai, na hakubabaika hata herufi moja. Masikio yangu yote yalikuwa nyuma ya pazia. Nilingoja kusikia kiti kinasogezwa.

Vikaja vigelegele.

Baada ya chakula nikaambiwa naitwa upande wa pili. Bi Zuhura alikuwa amekaa na Salma ubavuni, kamshika mkono wenye hina. Nikamuamkia shikamoo.

"Silipendi jina lako, Chuenlai," akasema. "Na leo sitakudanganya kuwa nimelipenda. Lakini mtoto uliyemlea kwa jina hilo nampenda."

Alilitamka vizuri kuliko London nzima.

Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akampa Nassor, aliyeingia pamoja nami. Akamwambia amtilie namba yangu, maana kuanzia leo akinitaka atanipigia mwenyewe, hatapitia kwa watoto. Nassor akaanza kuandika, akasita, akanitazama mie, akamtazama bibi yake.

"Bibi, kwa Z au kwa C?"

"Kwa C," akasema Bi Zuhura. "Huyu si Mchina. Huyu mtu wa kwetu."

Baba, huko uliko, umesikia? Kwa C.