Hotipoti Kumi na Tisa

Jumanne, 3 Juni

Zamu ya chakula imejaa hadi mwisho wa mwezi. Wanawake kumi na wanne, kila mmoja na siku yake, karatasi nimeibandika kwenye mlango wa jikoni kwangu. Leo Mama Joel, ndizi na nyama. Kesho mimi, mtori wa ndizi. Hakuna mwanamume aliyefiwa hapa Masama aliyewahi kuhudumiwa hivi. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Shemeji Anaeli anapokelea chakula getini. Anasema asante, anafunga. Wiki ya tatu sasa tangu tumzike mkewe, Aikande, kule chini ya migomba yao. Marufuku zangu zinaheshimiwa: hakuna kumwambia Mungu alimpenda zaidi, hakuna kumsimulia ugonjwa wa ngiri wa mjomba wako, hakuna kumuuliza marehemu aliugua siku ngapi. Unatoa chakula, unasema pole, unaondoka. Mimi nilimzika mume, mdogo wake Anaeli, miaka sita iliyopita. Najua ninachofanya.

Aikande na mimi tuliolewa na ndugu wawili. Miaka thelathini na moja tumetenganishwa na mfereji tu. Sijamlilia bado. Nitalia kazi ikipungua.

Alhamisi, 5 Juni

Mama Joel kaja kulalamika. Eti shemeji alipokea hotipoti kwa mkono mmoja kwenye upenyo wa geti, kama mlinzi wa benki. Hata karibu hakusema. Nilimjibu kwamba mfiwa hadaiwi tabasamu na mtu. Akanuna. Anune.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, hotipoti yake itarudi lini. Joel ana kipaimara tarehe ishirini na mbili. Nikamwambia huu si wakati wa kuulizia vyombo. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Baridi. Ukungu haukuondoka kutwa.

Jumapili, 8 Juni

Shemeji hakuja kanisani. Jumapili ya nne. Nilimwona jana kwa mbali akipita kwenye migomba, suruali kaikunja kiunoni na kuifunga kwa kamba. Mtu anayeletewa chakula kila siku!

Kwenye ibada kila mtu ananipa pole. Pole na kazi, Mama Neema. Pole na mizunguko. Ya msiba hakuna.

Jioni Manka kapiga simu kutoka Dar. Ni binti yao wa kwanza. Kuna mtu kamtumia picha ya baba yake na kamba yake kiunoni. "Mama mdogo, Jumamosi tarehe ishirini na moja nakuja kumchukua Baba. Nyumba tutaifunga." Nilimwambia baba yake hajawahi kulala mahali asiposikia maji ya mfereji. Dar hatafika Krismasi. Akasema na huko kwenye mfereji hali.

Nikamwomba aniachie mpaka siku hiyo ifike. Akikuta baba yake bado hali chakula, amchukue, sitasema neno.

Jumatatu, 9 Juni

Dawa ikishindwa unaongeza dozi. Zamu sasa ni mara mbili, uji asubuhi na chakula jioni. Wanawake walinung'unika, wakakubali. Ninavyowajua, hawaniwezi.

Jumatano, 11 Juni

Geti limefungwa kwa kufuli. Aliyekuwa na zamu kaacha uji juu ya nguzo, mbwa kaangusha, kanywa. Mbwa wa shemeji ananenepa.

Nimekasirika.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeingia kwa nyuma. Nilifuata mfereji, nikapita kwenye migomba, nikapita kaburini. Sikusimama.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Hotipoti zimepangwa mezani, kwenye benchi, dirishani, sakafuni hadi mlango wa stoo. Kumi na tisa, nilizihesabu. Nyingi zimeoshwa zikang'aa. Tano zina chakula ndani, hazijafunguliwa, kimeshachacha. Katikati yake shemeji amekaa kwenye kigoda cha Aikande.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Nikauliza kwa nini hali. Akasema, "Nitazirudishaje tupu, Mama Neema?"

Sikumwelewa mara moja, na ni mimi ninayejiita mjuzi. Hapa kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utaweka hata ndizi mbili mbivu, hata kipande cha gimbi. Lakini hiyo ni kazi ya mama wa nyumba, mwanamume haijui. Aikande alikuwa akijua chombo ni cha nani, kilikuja na nini, kirudi na nini. Anaeli hakujua hata kimoja. Kila mwanamke aliyegonga geti, yeye aliona ni mtu mwingine atakayeonana naye njiani akiwa hajamrudishia chombo chake. Ndiyo maana haendi kanisani. Mwishoni akaacha kufungua mifuniko. Aliwaza kwamba kisichofunguliwa kinaweza kurudi kilivyokuja.

Na mimi nikaongeza zamu ziwe mbili.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitazirudisha zote mwenyewe leo leo. Akainuka, akatoka nje, hakurudi. Nilisubiri nusu saa kama mjinga.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilimkasirikia yeye. Mchana nikajikasirikia mimi. Hivi ndivyo ilivyo haki.

Nilikumbuka mwezi ule nilipofiwa. Watu waliniambia pumzika, Mama Neema, usifanye chochote. Nikapumzika mpaka nikaona kifo kinanifaa na mimi. Aikande peke yake hakuniambia pumzika. Alikuja na ungo na maharage machafu, akanimwagia mapajani. "Nisaidie, nimechelewa na haya." Alikuja kila siku, wiki tatu. Tulichambua makapi na vijiwe, hatuongei. Nilimhurumia kwa mavuno mabaya yale.

Jana nilitaka kumpokonya shemeji kitu pekee kilichobaki mikononi mwake. Mjuzi, eti.

Jumapili, 15 Juni

Nimefuta zamu. Nimetangaza baada ya ibada: mtu asipeleke chakula kwa Anaeli mpaka niseme. Kelele! Mmoja kasema nina roho ngumu. Sawa. Nikawaambia pia kwamba atakayemwona shemeji mlangoni kwake amkaribishe ndani, amkalishe, amtaje Aikande kwa jina. Asijifanye hakuwahi kuishi.

Kisha nikawauliza nani ana hotipoti pale. Wote walinyoosha mikono.

Jumatatu, 16 Juni

Nilipita tena kwa nyuma, safari hii na panga. Sikumpa pole. Nilimwambia Mama Joel ana kipaimara na anataka hotipoti yake, na mimi simpelekei. Kweli tupu. Akasema hajui ipi ni yake. Nikaipindua moja. Chini, kwa rangi ya kucha nyekundu: M. JOEL.

Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta wa nyumba yake. Tukazipindua zote. Wengine wameandika majina, mmoja kachora kuku, mmoja kafunga uzi kwenye mshikio. Moja haina alama yoyote. Nilinyamaza. Hiyo ni yangu.

Tukazunguka shamba. Parachichi za Aikande zinaanguka na kuoza. Mkungu mmoja umelala chini kabisa. Magimbi yamejaa kando ya mfereji. Nilimwachia panga, nikaenda zangu. Kuondoka bila kumsaidia kulikuwa kugumu, karibu nigeuke.

Jumanne, 17 Juni

Alipita njiani saa nne amevaa koti la kanisani, hotipoti ya Mama Joel mkononi, imejaa parachichi. Nilichungulia nikiwa uani kwangu. Saa moja nzima hakutoka kwa Mama Joel.

Karudi na mayai sita kwenye kofia. Alikuja moja kwa moja kwangu, amechanganyikiwa kabisa. Kapeleka chombo kisiwe kitupu, naye kapewa mayai asiondoke mikono mitupu. "Sasa nifanyeje? Hii haiishi!" Nikamwambia karibu kwenye maisha ya wanawake, shemeji. Alicheka. Mara ya kwanza tangu Mei.

Nilimkaangia mayai mawili. Akala yote mawili, akaomba la tatu.

Alhamisi, 19 Juni

Hotipoti nane zimerudi. Kila nyumba anakalishwa, anapewa chai, anasimuliwa mambo ya Aikande asiyoyajua. Kwamba alimfundisha Mama Joel kukama. Kwamba mwaka fulani alicheka kwaya ikisimama mbele, akafukuzwa yeye na mwenzake. Anakuja kunisimulia kama mtu aliyetoka kumwona.

Leo akasema na yeye ana moja. Mwezi ule nilipofiwa, Aikande alikuwa na gunia zima la maharage masafi, amekwisha kuyachambua. Kila asubuhi alichota kiasi, akachanganya makapi na vijiwe, ndipo akaja kwangu. Jioni alirudi kwao na maharage masafi, kesho akayachafua tena.

Shemeji alidhani nilijua.

Nikasema nina kazi jikoni.

Jumamosi, 21 Juni

Manka kafika saa sita na gari na begi kubwa tupu la nguo za baba yake. Nyumba ina kufuli, baba hayupo. Alipiga kelele mpaka nikatoka. Nilimkalisha kwangu, nikamweleza yote, hakuniamini. Kwa miaka yote baba yake hajawahi hata kubeba sahani kuitoa mezani.

Shemeji katokea saa tisa kutoka juu kwenye mteremko, matope hadi magotini, gimbi kubwa begani. Suruali bado ya kukunja, ila kamba hamna, mkanda umerudi. Manka akamweleza amekuja kumchukua. Akamjibu bila hata kukaa: "Siwezi, mwanangu. Nina hotipoti saba bado."

Manka alinitazama. Alianza kucheka, akamalizia kwa kulia, begani kwa baba yake, na gimbi palepale. Niliondoka nikawaacha.

Jumatatu, 23 Juni

Kipaimara jana kilifana. Shemeji alikaa benchi la pili. Manka karudi Dar alfajiri. Begi lake limejaa ndizi na parachichi.

Nimerudisha zamu, lakini ya aina nyingine. Mara moja kwa wiki mtu anaenda kupika naye, si kumpikia. Jumatano niko mimi. Atajifunza mtori, atake asitake.

Jumatano, 2 Julai

Jua limetoka kidogo. Mlima ulionekana wote asubuhi.

Saa nane shemeji kaja kwa kuvuka mfereji, hotipoti mkononi. Ile isiyo na alama. Sikuwahi kumwambia ni yangu. Kumbe kwa kuondoa nyingine zote, akabaki na jibu.

Hakunipa mkononi. Aliomba ungo. Akafungua mfuniko, akamwaga maharage, machafu, makapi na vijiwe tele. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nisaidie, Mama Neema. Nimechelewa na haya."

Tulichambua, hatukuongea. Nilianza kulia kabla sijafika katikati ya ungo, na sikuinuka kwenda jikoni. Aikande wangu. Shemeji hakusema nyamaza. Alisogeza tu ungo upande wake kidogo, machozi yasiloweshe maharage.

Tulimaliza saa kumi na moja. Vijiwe nimeviweka dirishani. Ni visafi, havina hata vumbi. Aliviosha kwanza.