Kwa Nini Sikanyagi kwa Kaka Yangu

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Hapa Mbagala tu wazima. Mama yako mguu umepona, na babu yako Saidi anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini sikanyagi kwa kaka yangu Hamisi. Nitakwambia, ingawa hadi leo damu inanichemka.

Baba alitufundisha useremala sote wawili. Ujanani tulijenga nyumba ya magogo kwenye hoteli moja Mbezi Beach, Hamisi akiwa msimamizi. Babu yako, tukiwa bado wachumba, alikuwa fundi mwenzetu. Ncha za magogo tulizichonga kama mkia wa njiwa uliotanuka, ili kwenye pembe yashikane yenyewe. Hamisi akaona tunachelewa.

"Kateni bapa, pigeni misumari!"

Saidi alikataa, akaambiwa kama ni mwoga aende kwao. Akapanda ukutani kupigilia misumari. Gogo lililoshikwa na misumari tu likateleza, likamsaga mkono.

Hamisi akamwambia mwenye hoteli, "Mzembe huyu, alikuwa anacheza."

Nilimgeukia mbele ya mafundi wote. "Kaka, basi njoo usimame wewe chini ya pembe hii."

Akarudi nyuma. Tukaibomoa pembe ile, tukachonga upya, naye asithubutu kutuzuia.

Babu yako alimsamehe zamani. Mie, misumari ningeisamehe siku ileile, maana kila fundi hukosea. Ule uongo ndio umenikaa kooni. Siku Hamisi akija kumwambia Saidi, "Nilikusingizia," nitampikia pilau kwa mikono yangu. Kabla ya hapo, asiniletee salamu.

Bibi yako,
Zuhura