Kufuli Mbili Kwenye Jiko Lako

Dada Surjit,

Sijui kama habari zinafika huko uliko, kwa hiyo nakuletea mwenyewe. Uniwie radhi, nina hasira. Mwaka umetimia tangu ututoke, na jiko lako wamelifunga.

Ndiyo, jiko la gurdwara, hekalu lenu, pale pale tulipokuwa tunasukuma chapati kila Jumapili, wewe Kalasinga, mimi Mnubi wa hapa Old Kampala, tukicheka mpaka mumeo anakuja kuchungulia kuna nini. Sasa mlangoni kuna kufuli mbili. Moja ya kamati ya hapa. Nyingine ya kamati ya kanda, wale wa Nairobi, wanaosema mahekalu yenu yote ya Afrika Mashariki yako chini yao, kuanzia kuhani hadi sahani. Wa hapa nao wanasema babu zao ndio waliojenga, hawatatawaliwa na mtu wa Nairobi. Haya, bishaneni! Lakini jiko limewakosea nini?

Mumeo Kulwant alitaka ibada ya mwaka wako na langar, chakula cha kila ajaye, kama ulivyowapikia wenzako wote waliotangulia. Akaenda kwa hawa, wakamwambia atangaze kwanza yuko upande gani, ndipo wafungue. Akaenda kwa wale, maneno yale yale. Mzee wa watu! Alikuja akakaa barazani kwangu, kilemba kimemlegea, akasema, "Halima, mke wangu hakuwa na upande." Banange, nililia. Halafu nikaacha kulia, nikaanza kutafuta mkaa.

Nimekupikia nje, dada. Langoni, kando ya barabara, kwa sufuria za shughuli nilizoazima kwa majirani. Nikatandika mikeka. Watu wakavua viatu, wakafunika vichwa, wakakaa chini kwa mstari kama vile wako ndani. Wamekuja wanafunzi wa Wandegeya, wauza viatu, madereva wa bodaboda, hata polisi mmoja, kitambaa cha jasho kichwani. Kulwant akaomba dua yenu, malori yanapita yanampigia honi.

Kisha wakaja wenyeviti wa kamati zote mbili. Walikuja kuangalia nani amenipa ruhusa, nawajua. Lakini njaa haina kamati, na ukija kwenye langar unakaa palipo wazi. Wakajikuta wamekaa bega kwa bega, magoti yanagusana, kila mmoja anatazama barabara.

Nilisimama mbele yao na upawa mkononi. Ulimi uliniwasha, wallahi. Nilitaka kuwatukana kwa Kiswahili, niongeze Kinubi, nimalizie kwa Kiganda. Basi nikakumbuka ulivyokuwa ukimwambia kila aliyekuja kutusaidia: "Usiwaulize wametoka wapi. Waulize kama wanataka dengu zaidi." Nikawauliza. Meno yameumana, lakini nikawauliza.

Wote wawili walitaka.

Unadhani walipomaliza walifanya nini? Walinawa, wakanishukuru kwa adabu zote, wakaondoka, kila mmoja na ufunguo wake mfukoni. Kufuli bado zipo. Hawana haya hata kidogo! Ninapita pale kila siku nikienda sokoni, na kila siku nazitazama.

Mti wako wa kusukumia chapati uko kwangu. Ulinipa mwenyewe ulipolazwa. Hawa wametuma mtu, na wale wametuma mtu, kila upande unadai ni mali ya hekalu. Waje wenyewe tuonane. Siutoi mpaka kufuli zote mbili zing'oke na niingie nao jikoni kwa miguu yangu. Wasipofungua, mwaka ujao nitawasha moto pale pale langoni, nao wakija watakula, na nitawauliza tena kama wanataka dengu zaidi. Mungu anisaidie nisiwamwagie.

Wewe pumzika, dada yangu. Umesimama jikoni miaka mingi. Hasira niachie mimi.

Wako,
Halima