Kwa mdogo wangu uliyeshukia Muleba

Mdogo wangu mpendwa, Sikio wangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi, wala kama kuna pa kukukuta. Nimeiandika kwa mkono mara nne. Moja nimempa mchungaji aisome baada ya matangazo, ya pili iko stendi ya Bukoba, ya tatu iko Muleba kwenye hoteli ya chai pale mabasi yanaposimama, na ya nne ameichukua kondakta wa basi la Biharamulo. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama si yeye, usione aibu, endelea tu. Huenda umemwona.

Mdogo wangu, ukoo umekaa kikao. Baba mdogo amesema miaka mitano inatosha, kwamba mtu akipotea muda wote huo, katika miaka hii tunayozika kila wiki, haulizwi tena. Wanataka tukulilie matanga bila mwili, kisha kibanja cha baba, shamba lote la migomba na kahawa, apewe mtoto wa pili wa huyo baba mdogo. Wamepanga iwe kahawa ikishaanikwa. Nimekataa, mwanamke mmoja kati ya wanaume tisa, nikaambiwa nilete mtu au nilete kaburi. Nimekuja nyumbani nikatafuta kalamu.

Lakini siwezi kukuita kabla sijasema kwa nini uliondoka. Hapa Ijuganyondo wote wanasema ulikimbia aibu ya ugonjwa. Mimi nimewaacha waseme hivyo miaka mitano, Mungu anisamehe, kwa sababu ilinifaa. Hukukimbia ugonjwa. Ulinikimbia mimi.

Uliporudi kutoka vitani hukuweza kuvumilia kishindo. Mlango ukibamizwa na upepo ulikuwa unajitupa chini, hata mbele ya wageni. Ndipo ulipoanza kwenda kukaa msituni, na huko masikio yale yale yaliyokutesa yakawa kazi yako. Mzee Vithal, Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye mimi nilikuwa nampikia tangu mkewe afariki, ndiye aliyekupa jina la Sikio. Alikuwa na darubini ya thamani kuliko gari lake, lakini ndege alikuwa hawaoni mpaka wewe umwambie, Mzee, geuka kushoto, juu kidogo, usipumue.

Unakumbuka mlivyokuwa mkigombana juu ya daftari? Yeye alitaka kuandika kila ndege uliyemsikia. Wewe ulikuwa unakataa, unamwambia aliyesikika hajafika bado, aandikwe akionekana. Mzee anakujibu kwamba kwa sheria hizo hata Mungu asingeandikwa. Mlicheka nyote wawili, mimi nikanuna, nikaona mnamdhihaki Bwana.

Mwaka ule Mzee alikuwa anafunga duka ili awafuate watoto wake ng'ambo. Akasema hataki sherehe ya kuagwa, anataka siku tatu katika ule msitu wa juu, kule kusini kupita Muleba, ambako ukungu wa ziwa unalala kwenye miti mpaka adhuhuri. Alimtaka ndege mmoja tu, yule mkubwa wa bluu mwenye kishungi cheusi, ambaye alikuwa amemtafuta tangu ujana wake. Wewe ulikuwa umeshaanza kukonda. Kikohozi chako nilikuwa nakijua nikiwa shambani. Watu walikuwa bado wanauita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vile vitambaa vya magendo vilivyovushwa mpakani, wanautaja wakicheka pembeni, na mimi nilikuwa nimeshajua uko nyumbani kwetu. Nilikuomba usiende. Ukasema, "Dada, nikibaki nitafanya nini? Nitajisikiliza mwenyewe?"

Basi nikaja nanyi, kupika.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, nataka ujue kwamba nakumbuka ilikuwa nzuri. Ukungu ulikuwa mzito hadi majani yanadondosha maji kama mvua na hakuna mvua. Tulisikia kitu kikipita juu yetu, hwaa, hwaa, kama mtu anakung'uta mkeka, nikashika mkono wako. Ukasema ni hondohondo tu, mabawa yake ni mazito, hana nia nami. Mzee akaanguka kwenye tope akakaa hapo hapo, akasema asiinuliwe kwanza, kuna kindege cha njano kwenye kichaka mbele yake.

Jioni nikatoa chai. Wewe ulijua desturi ya Mzee, wote Bukoba tuliijua: dini yake haikumruhusu kula katika chombo cha mtu mwingine. Sufuria zake peke yake, kikombe chake cha chuma peke yake, hata mimi nilikiosha kwa maji yake tofauti. Na mimi, mdogo wangu, nilikuwa nimejificha nyuma ya desturi hiyo tangu nyumbani. Nilikuwa nimefunga kamba ya mgomba kwenye mkono wa kikombe kimoja cha bati. Nikakupa hicho. Nikasema huku natazama moto kwamba safari hii kila mtu ana chake, mambo yasichanganyike.

Ulikigeuza kikombe, ukaiona kamba. Ukasema, "Leo nami nimekuwa Mhindi."

Ukacheka, Mzee akacheka kwa sababu hakuelewa, nami nikacheka. Sijui nilichekaje.

Siku ya tatu asubuhi ulimsikia. Tulikuwa tumekata tamaa, tunafunga mizigo. Uliinua kidole tukasimama, mimi nikiwa na sufuria kichwani. Kikohozi kikakujia, nikaona unavyovua shati lako katika baridi ile na kulijaza mdomoni ili usimfukuze ndege wa mzee wa watu. Mgongo wako wote ulikuwa unatetemeka, mbavu zote naziona, na hakuna sauti iliyotoka. Kisha ukungu ukafunguka na walikuwa watatu, wanaruka toka tawi hadi tawi kama watoto, bluu, na midomo ya njano yenye ncha nyekundu. Mzee hakutumia darubini. Machozi yake yalikuwa hayamruhusu.

Tukakaa tunywe chai ya furaha. Kikombe chako hakikuonekana, kilikuwa kimedondoka mahali fulani njiani. Mimi nilikuwa nimeshamimina changu, nimekunywa nusu. Ulikuwa umekaa karibu nami, shati limelowa, meno yanagongana. Ukanyosha mkono. Uliunyosha kama ulivyokuwa ukifanya utotoni, maana mimi ndiye niliyekulea mama alipofariki, na hatukuwahi kuwa na vikombe viwili.

Nikamwaga chai chini. Nikasema, "Kuna inzi."

Ukanitazama. "Kwenye baridi hii, dada?"

Mzee Vithal, ambaye katika miaka yote ile sikuwahi kuona kidole cha mtu kikigusa kikombe chake, alikijaza akakupa. Ulikunywa. Akakipokea, akajaza tena bila kukisuuza, akanywa yeye. Kisha akabeba mzigo wake, tukashuka hadi barabarani.

Muleba ukaomba ushushwe. Ukasema unakwenda kumsalimia rafiki yako wa jeshini, utarudi kesho yake. Ulinibusu mkono, jambo ambalo hukuwahi kufanya. Nilisimama pembeni ya gari nikikutazama ukipita katikati ya wauza ndizi, na sikukuita. Hapo napo, mdogo wangu, nilikuwa na nafasi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mezani pa Bwana. Kikombe kikaja kutoka kwa jirani yangu, mama mmoja aliyekonda kukuzidi wewe, vidonda mdomoni. Nikanywa bila kusita. Nilikuwa nimeshameza ndipo nikajua nimefanya nini. Kwa Bwana sikuogopa, kwa mtoto niliyembeba mgongoni nilidai nimeona inzi. Nilibaki nimepiga magoti mpaka mzee wa kanisa akanigusa bega. Tangu hapo muuguzi ametufundisha kwamba ugonjwa huo hausafiri kwa kikombe. Nilimsikiliza nikatamani angesema unasafiri, angalau ningekuwa na sababu.

Nimekutafuta. Nilikwenda kwenye kambi ya wavuvi kisiwani, wakasema yuko mtu mwembamba anayeigiza ndege. Alikuwa kijana wa Ukerewe. Nilikwenda Biharamulo, nikaoneshwa makaburi matatu yasiyo na majina, nikauliza yupi alikuwa mrefu, hakuna aliyekumbuka. Sasa nauli imekwisha, na magoti hayapandi tena milima. Naomba kila siku, lakini sikufichi, zipo siku naomba kwa hasira, namwambia Mungu kwamba Yeye anaona kila shomoro anayeanguka, basi aniambie huyu wangu kaangukia wapi.

Kama uko hai na huna nguvu, mwambie yeyote aniandikie jina la kijiji tu. Nitakuja kukuchukua, kwa baiskeli ya kusukuma au kwa machela. Chumba chako nimekipaka chokaa. Kitanda nimekiweka dirishani, upande wa migomba.

Kama unafikiri huwezi kurudi kabla moyo wako haujatulia juu yangu, hapo unakosea, na kahawa tayari inaiva. Sikuombi unisamehe. Njoo ukiwa na hasira yako yote, unitukane mbele ya ukoo, ukatae hata kunisalimu, nitakupikia hivyo hivyo. Kusamehe, ukiweza, utafanya baadaye. Kwanza njoo.

Ni mimi dada yako,
niliyekulea, niliyekuogopa