Ufuta wa Mwalimu kwenye Blogu ya Darasa la Sita

Jumamosi, 14 Februari 2009
Nachingwea mjini, intaneti kafe, mpaka adhuhuri. Nimechapa insha saba za darasa la sita na kuzibandika kwenye blogu yetu. Ya Athumani kuhusu mechi aliyoiona Namungo imenichekesha, ameandika kama mtangazaji wa redio. Umeme haukukatika. Hadija, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, anafundisha Ruangwa. Huchapisha kurasa zetu kwenye karatasi na darasa lake hutujibu. Mwaka jana nilikuwa nawabembeleza watoto waandike. Sasa wanagombania. Hii kazi naiweza.

Jumatatu, 16 Februari
Nimekusanya insha mpya: "Wiki yetu shuleni". Sheria ileile, andika ulichokiona, si ulichosikia. Nimesahihisha kabla ya kupika. Ya Zuhura nimeisoma mara tatu.
"Alhamisi hatukusoma Hisabati. Tulikwenda kupalilia ufuta wa Mwalimu Tekla. Mimi nilipewa mistari minne. Tulipomaliza tulikunywa maji tukaenda nyumbani. Kujumlisha sehemu bado sijui."
Mwalimu Tekla ni mimi. Hakuna kosa hata moja la tahajia.

Jumanne, 17 Februari
Hasira. Walimu wote hapa hupalilisha watoto. Mimi nilipalilia mahindi ya walimu wangu na sikufa. Asubuhi Zuhura aliniamkia mlangoni, sikuitikia shikamoo yake. Mtoto wa miaka kumi na mbili. Aibu ni yangu. Analelewa na bibi yake, kwao wanaongea Kimakua. Kiswahili cha kuandika amekipata darasani kwangu.

Alhamisi, 19 Februari
Leo sikuwapeleka shambani. Mapumziko nilimwita Zuhura. Nikamwambia insha yake ni nzuri lakini itasomwa na watu wengi, kama anataka niiache pembeni aseme. Aliangalia miguu yake.
"Mwalimu, ulisema tuandike tulichokiona."
Nikamjibu ndiyo, nilisema.
"Basi iweke."
Akarudi kucheza rede.

Jumamosi, 21 Februari
Nimeiweka. Jina lake nimeliondoa, langu nimeliacha. Chini nimeongeza: "Ni kweli. Tekla." Niliwaza kuandika "mwalimu mmoja" badala ya jina langu. Ningewezaje kuwasahihisha tena baada ya hapo? Sijuti.

Jumanne, 24 Februari
Hadija amepiga simu. Darasa lake wamejibu kurasa mbili nzima: korosho, kuni, maji ya walimu. Alianza kwa kucheka, akamaliza hacheki. Mratibu elimu kata naye ameshasikia.
Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.
"Umetuvua nguo, Mwalimu Tekla. Ifute."
Nikamwambia sifuti. Akasema blogu imesimama mpaka kamati ya shule ikae Ijumaa. Chumba cha walimu hakuna aliyesogea kwenye benchi nikae. Nimekunywa chai yangu nimesimama.

Ijumaa, 27 Februari
Kamati. Wazazi walijaa, hata wasio wajumbe. Mwalimu Mkuu alisema nimeidhalilisha shule. Baadhi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Kisha bibi yake Zuhura akasimama. Kiswahili kinampa tabu, akaongea Kimakua na mjumbe mmoja akatafsiri. Alisema hakuwa akijua. Mjukuu wake alikuwa akirudi na udongo miguuni, anasema ni kazi ya shule, naye akadhani kulima ni somo.
"Jembe ningemfundisha mwenyewe," alisema. "Kwenu nilimleta kwa yale nisiyoyajua."
Nilisimama nikaomba radhi, kwake kwanza, kisha kwa wote. Sikujitetea. Nikasema Alhamisi nilizowanyang'anya watoto nitazifidia mchana, baada ya vipindi.
Uamuzi: hakuna mtoto kwenda shamba la mwalimu yeyote saa za masomo. Blogu iendelee. Cheo changu cha mwalimu wa taaluma, wa kusimamia masomo na mitihani, nimevuliwa. Hilo limeniuma. Kazi hiyo nilikuwa naifanya vizuri.

Jumapili, 1 Machi
Nimepalilia na mdogo wangu toka alfajiri. Nusu ya shamba magugu yameshinda. Mwaka huu ufuta utakuwa mchache, basi. Walimu wawili wamepita njiani na majembe yao begani, wanakwenda mashambani kwao wenyewe. Mmoja amesalimia. Mwalimu Mkuu bado ananipa salamu tu, hazidishi. Ataelewa siku moja. Naye ana mtoto darasa la nne.

Alhamisi, 5 Machi
Hisabati ya fidia, baada ya vipindi. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilikata muhogo mbele yao, nusu na theluthi, wakagombana kipi ni kikubwa. Zuhura alikosa swali la kwanza na la pili. La tatu akapata, akarudi kukaa. Saa tisa mvua ikaanza. Tukahamia upande usiovuja, tukaendelea na swali la nne.