Boti Ni Zenu

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu karakana iache kusikia mluzi wako. Na tuseme ukweli, mluzi wenyewe haukuwa mluzi. Ulianza na wimbo mmoja ukamalizia na mwingine, na katikati ukapitia wa tatu ambao hakuna aliyewahi kuujua. Lakini majirani wanasema asubuhi zimekuwa ndefu bila huo, na hata yule mama muuza mkate, aliyekuwa akiziba masikio kila akipita, juzi alituuliza kama hakuna aliyeurithi. Hakuna, Baba. Tumejaribu.

Ulikuwa fundi wa boti, na kwako kila boti ilikuwa mtu na tabia zake: ipi ina maneno mengi, ipi mvumilivu, ipi inataka kubembelezwa. Kabla ya kuwasha injini uliisalimia kwanza. Mteja akicheka, ulimwambia adabu haina hasara. Boti ya mtu haikutoka mikononi mwako bila kuoshwa, na penseli uliyoitafuta nyumba nzima ilikuwa nyuma ya sikio lako. Mama alikuwa anaiona tangu mwanzo. Alikuacha utafute kidogo, anasema ni mazoezi.

Ila ulikuwa na tabia moja ambayo Mama alipigana nayo tangu mlipooana, nayo ni kuongea na simu huku unatafuna. Meza kwanza ndipo useme, alikuambia. Ukamjibu kwamba simu haina macho. Haya, simu haina macho, lakini masikio inayo, na yaliyotokea uliyaona mwenyewe.

Uani palikuwa na boti tatu. Ya kwanza tulimwita Kikongwe, mzee kuliko sisi watoto wako wote watatu, amejaa viraka kila upande. Ya pili ilikuwa ya kijivu, ya kazi. Ya tatu, ya kijani, wewe huna haja ya kuelezwa, lakini wanaosoma hapa hawaijui. Uliijenga ubao kwa ubao kila ulipopata nafasi, Baba Mdogo akikushikia mbao, na uliijenga kwa ajili ya Mama. Ndani yake uliweka kiti chenye egemeo refu kwa sababu ya mgongo wake. Ulimwahidi kwamba ukipunguza kazi utamvusha ziwa mkanywe chai ng'ambo, wawili tu, bila wateja na bila sisi.

Hapo ndipo akaja Mwalimu. Ndivyo sote tunavyomwita, ingawa hana darasa wala chaki. Ana kikundi kinachowafundisha uvuvi vijana waliofukuzwa shule, waliotoroka kwao, na wengine waliokwisha kuionja rumande. Wakati ule alikuwa na vijana wengi na boti moja ya kuazima. Alikueleza shida yake bila kutia chumvi. Kijana anayepata nafasi botini Jumamosi hurudi amechoka, ana samaki mkononi na ana cha kusimulia. Anayebaki ufukweni, Jumapili yeye Mwalimu anaitwa kituoni kwenda kumtoa.

Ulirudi nyumbani ukala kimya, na kwako kula kimya ilikuwa dalili ya homa. Asubuhi yake, mkate ukiwa umejaa mdomoni, ukampigia. Ulikuwa umeamua kumpa Kikongwe. Ulitaka kusema, "Boti ni yenu, njooni mchukue." Mwalimu akasikia, "Boti ni zenu." Na neno lenyewe halisaidii, kwa maana moja ni boti na mia ni boti. Herufi moja tu, Baba, na mkate.

Jumamosi lori likaingia uani na vijana wanaimba. Ulitoka na povu la kunyolea kwenye shavu moja. Kikongwe alikuwa ameshapakiwa, ya kijivu inapanda, na mikono imeshaishika ya kijani. Mama alikuwa dirishani jikoni na kikombe ambacho hakukinywa. Ulifungua mdomo kuwazuia. Ndipo yule binti mwembamba wanayemwita Msumari alipokuja mbele yako, akakuamkia, akauliza.

"Mzee, sisi tukipewa kitu huwa ni kile kilichomshinda mwenyewe. Hii ya kijani nayo ni yetu kweli?"

Ulimtazama Mama kule dirishani, muda mrefu. Kisha ukamtazama binti, ukasema polepole, bila kutafuna chochote: "Zote. Zenu hizo."

Mama alikununia, na alikuwa na haki. Chakula kilikuja kwa wakati, salamu hazikuja. Ulijitetea kwamba hata kwenye simu ulisema zenu. Alikujibu kwamba ulisema yenu, yeye alikuwa amesimama pale pale akikumiminia chai, na masikio yake hayana kutu. Mlibishana hivyo, yenu, zenu, yenu, zenu, hadi hasira ikaisha bila wenyewe kujua, ukabaki mchezo wenu wa mezani. Tuliukulia ugomvi huo ukubwani. Wajukuu wakauiga.

Waliowapatanisha hasa ni vijana wenyewe. Ahadi ni deni, nawe ulikwenda kwa aibu kuwaomba boti uliyoijenga mwenyewe, iwavushe siku moja. Msumari ndiye aliyeshika injini. Alikukatalia kupanda mpaka uvae jaketi la kuokolea, wewe uliyepanda boti kabla mama yake hajazaliwa, na ukavaa. Mama alikaa kwenye kiti chake, chupa ya chai mapajani. Mlirudi jioni yeye pua imeungua kwa jua na anacheka peke yake. Mlizungumza nini huko ng'ambo, hadi leo hatuambiwi.

Ulipotutoka, vijana walikuja wote mazishini na mashati yaliyonyooshwa. Hatukujua kwamba wana mashati hayo. Walisimama nyuma kabisa, Mama akawaita mbele.

Wiki chache baadaye Baba Mdogo akaja na neno. Hakuja kwa tamaa, unamjua mdogo wako. Hakuwa na ndugu mwingine, na kila ubao wa boti ile mlikuwa mmeushika pamoja, wewe upande huu na yeye ule. Alisema ya kijani ilichukuliwa kwa makosa ya simu, nyumba nzima inalijua hilo na kulicheka, basi irudi nyumbani, awe na kitu cha kukukumbukia. Akampigia Mwalimu kumweleza.

Mwalimu hakubisha. Siku iliyofuata alikuja na boti juu ya lori, imeoshwa vizuri kama ulivyowafundisha, na vijana wamekaa pembeni yake bila wimbo. Alisema hawezi kukaa na mali ya marehemu aliyoipata kwa kusikia vibaya. Tulimuuliza watabanana vipi katika zile mbili zilizobaki. Akasema Kikongwe ameanza kuingiza maji, kwa hiyo kwa sasa ni moja. Msumari alikuwa anafuta kile kiti cha Mama kwa mkono wa sweta yake, na kiti chenyewe kilikuwa safi.

Baba Mdogo akamgeukia Mama. Alijua anamgeukia nani. Huyu ni mwanamke aliyeulizwa na bibi harusi kama gauni limemkaa, akamwambia halijamkaa.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwepo. Lolote utakalosema nitalipokea. Kaka yangu alisema yenu, au alisema zenu?"

Sote tulilijua jibu. Tulikuwa tumelisikia mezani miaka yote ile. Mama alikwenda hadi kwenye lori, akaweka kiganja kwenye ubao wa boti yake. Alikuwa anaitaka, Baba. Hakuna mwingine atakayemjengea kama ile, na alijua. Kisha akageuka.

"Alisema zenu."

Baba Mdogo alimtazama, akatutazama sisi, nasi tukatazama chini. Halafu akacheka mpaka akatoa leso, na leso ile hakuifutia kicheko peke yake. Akapanda lorini, akajibana katikati ya vijana, akamwambia dereva twende, kuna mzee huko anaingiza maji. Tangu siku hiyo yuko kwao kila Jumamosi. Kikongwe amezibwa. Vijana wawili wameshaanza kushika randa vizuri, na Baba Mdogo anawafokea kwa maneno yako yale yale, kwamba haraka haina baraka lakini na uvivu nao hauna.

Jikoni siku ile, tukiosha vikombe, tulimuuliza Mama tangu lini ameanza kusema uongo. Hakugeuka.

"Uongo upi? Pale uani alisema zenu, na alinitazama mimi kwanza. Ya simu sikuulizwa."

Akaendelea kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Tulimshika mabega, tukalia, na katikati ya kulia mmoja wetu akasema yenu, mwingine akasema zenu, basi kazi ya vikombe ikaishia hapo. Tunakukosa sana, Baba. Tunakukosa kwa furaha, kama hilo linawezekana, na kwa nyumba yako linawezekana.

Asubuhi ya leo Mama amevushwa ziwa. Amekwenda na chupa ya chai na vikombe viwili, na hakuna aliyemuuliza. Msumari, ambaye sasa ndiye anayewafundisha wageni kushika injini, alimfunga jaketi mwenyewe. Ufukweni tuliandika tangazo hili, vijana wote thelathini na mmoja wametuzunguka, kila mmoja na lake la kuongeza, na tulipofika kwenye majina wakauliza wao waandikwe wapi. Wengine walisema chini kabisa, penye marafiki. Mama, akiwa ameshaketi botini, akasema waandikwe pale pale penye watoto.

Kwa hiyo, Baba, hutasahaulika nasi siku zote tutakazoishi: mkeo, mdogo wako, Mwalimu, wakwe zako, wajukuu zako, na sisi wanao thelathini na wanne.